Wasomaji Wanauliza: Vijana wapo, walezi hawadumu

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Malaba, Uganda. Kanisani kwetu tunapata vijana kama 60 kila Jumamosi. Mwezi wa kwanza nakuwa na wasaidizi tele, ikifika Agosti tumebaki mimi na mke wangu. Tunakosea wapi? – Mlezi wa vijana

JIBU: Ndugu mlezi, bila shaka wasaidizi wako wengi ni wa vakesheni. Waliomaliza kidato cha sita (S6) mwezi wa Desemba wako nyumbani wakingoja matokeo na nafasi ya chuo, kwa hiyo muda wanao. Vyuo vikifunguliwa, wanaondoka wote kwa mpigo. Hawajapoa kiroho, wewe ndiye uliyewafanya wageni kuwa nguzo za nyumba.

Wapokee, ila wape kazi zenye mwisho: muziki, michezo, masomo ya ziada likizo ya Mei. Julai iwe ya kukabidhi. Vikundi vidogo vishikwe na wasiohama: mwalimu wa msingi, fundi cherehani, mama ambaye wanawe wameshakua. Hawa huwa wanakataa kwa sababu tunawaomba vibaya. Tangazo la Jumapili, "anayeguswa ajitokeze," huleta wale wale watatu. Mfuate mama dukani kwake umwambie: "Mama, tunakuomba Jumamosi mbili kwa mwezi, saa tisa hadi saa kumi na nusu, vijana kumi, kwa miezi sita. Ikiisha, uko huru." Akishajua mwisho uko wapi, haogopi kuanza.

Sasa hesabu. Vijana 60 kwa vikundi vya kumi ni vikundi sita; kila kikundi walezi wawili, jumla 12. Kukutana kila Jumamosi kwa zamu kunahitaji 24. Huna 24? Basi kutaneni Jumamosi ya kwanza na ya tatu tu, na uwe na wawili wa akiba. Kumchosha mmoja kwa zamu ya mwenzake ndiko kunakowamaliza watu, kuliko hata ukosefu wa pesa.

Muhula ukianza, wa shule za bweni wanaondoka. Hesabu waliobaki, unganisha vikundi, nusu ya walezi wapumzike. Muhula wa tatu usipange tamasha lolote. S4 na S6 wako kwenye mitihani na wazazi hawatakuelewa.

Jambo moja dogo linalosahaulika: daftari. Kila kikundi kiwe nalo, lenye majina, namba ya mzazi, somo lilipoishia, na nani hajaonekana mara tatu. Likae kwenye kabati la kanisa. Likikaa kwa mlezi, siku akihama Jinja kikundi kimehama naye.

SWALI: Wanaojitolea wameanza kudai posho. Tuwalipe? – Mweka hazina, Arua

JIBU: Nauli ndiyo, posho hapana. Nauli inamrudishia mtu alichotumia. Posho hugeuka mshahara mdogo, na mwezi ikikosekana kazi inasimama. Tuseme walezi watano wanatoka mbali, boda kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, Jumamosi mbili: 40,000 kwa mwezi. Iingizwe kwenye bajeti ya kanisa, si mfukoni mwa mchungaji, na kila anayepokea atie saini. Pesa isikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Laini ina jina lake, na akigombana na kanisa mtaanza kubembelezana. Tumieni akaunti yenye watia saini wawili au watatu. Chai na mandazi baada ya kipindi si anasa. Hapo ndipo walezi wanapoambiana nani amekwama.

SWALI: Kijana aliyehamia kwetu wiki tatu zilizopita anataka sana kufundisha watoto wa miaka 12 hadi 15. Mchungaji anasema tusimvunje moyo. – Mama wa kanisa, makazi ya wakimbizi ya Kyangwali

JIBU: Mama, mpe viti na spika kwanza, miezi sita. Wakati huo mpigie simu kiongozi wa kanisa alikotoka. Barua peke yake haitoshi, maana barua hutungwa. Omba na utambulisho wa mwenyekiti wa kijiji (LC1) wa huko. Kama alitoka Kongo na karatasi hana, ulizeni waliotoka eneo lake.

Kwa sheria ya Uganda, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kanuni ziwe za wote, mchungaji naye akiwemo: watu wazima wawili kila kikundi, mlango wazi, hakuna kumrudisha mtoto peke yake kwa boda usiku, hakuna meseji za siri. Zisomwe mbele yake kabla hajaanza. Akizinunia, abaki na viti.

Na mtoto akisema ameguswa vibaya, msiitishe kikao cha wazee kwanza. Nendeni polisi, au pigeni 116, simu ya Sauti, ni bure.