Kuchora mashine kwenye kompyuta sio kuwa na pacha wake

Wadau wa karakana, hii ni kwenu mnaosikia habari za pacha wa kidijitali, yaani nakala ya mashine ndani ya kompyuta, na mnataka kuanza. Mimi natengeneza mashine za kusaga hapa Unga Limited, Arusha. Mwanzoni nilichora mashine nzima kwenye kompyuta mpaka boliti ya mwisho, inazunguka vizuri kabisa kwenye skrini, nikaamini pacha ndo huyo. Kumbe ule ni mchoro tu. Pacha anakuwa pacha pale mashine yenyewe, ikiwa kazini, inapomletea habari zake na yeye anabadilika nayo. Mfano, tangi la oksijeni la chombo cha anga cha Apollo 13 lilipolipuka mwaka 1970, wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walipanga simuleta zao (mitambo ya kuigiza safari) zifuate hali ya chombo kilivyoharibika, sio kilivyokuwa kiwandani, wakajaribia hatua humo kabla ya kuwaelekeza wanaanga.

Sasa kuna mashine tuliipeleka Usa River ikawa inaua beringi. Tunafunga mpya, baada ya wiki chache imekufa tena, mteja analalamika na ana haki, halafu mimi nikifungua mchoro wangu kila kitu safi. Ndipo tukafunga vihisi vya joto, mtetemo na umeme unaoliwa na mota. Hapo nisikilizeni vizuri: cha mtetemo tulikibandika kwenye bati la kava, na bati lina kelele zake, namba zikawa vurugu tupu. Kifunge kwenye nyumba ya beringi. Na usisome mara moja kwa dakika, maana mashine hii inazunguka raundi 3,000 kwa dakika, ambazo ni mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo kihisi kisome mamia ya mara kwa sekunde, uchambuzi ufanyike pale pale kwenye mashine kisha utumwe muhtasari tu, la sivyo bando linaisha kabla ya saa nne asubuhi.

Mtetemo ulikuwa umekaa kwenye ile 50, yaani mara moja kila mzunguko, na hiyo mara nyingi ni dalili kwamba rota, yaani sehemu inayozunguka, imepoteza balansi. Ila kwa nini imepoteza, vihisi havikusema. Jibu tulilikuta kwenye daftari la kijana anayeendesha mashine, kaandika kwa peni: "nyundo 1 mpya". Nyundo ni vile vyuma vinavyozunguka na shafti na kuponda nafaka; moja ikivunjika alikuwa anaweka hiyo moja mpya, na zilizobaki zote zimeshalika. Nikaingiza uzito kwenye modeli ya mashine kwenye kompyuta: tofauti ya gramu 50 tu, sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, kwa mwendo ule inavuta kama mzigo wa kilo 100, na unazunguka na shafti muda wote. Beringi gani itavumilia hiyo jamani?

Ndo maana nawasihi msikimbilie programu za mamilioni. Chukua mashine moja inayokusumbua, jiulize swali moja, tafuta kihisi kinachojibu swali hilo, na umheshimu sana anayeishika mashine kila siku kwa sababu anayajua mambo ambayo waya haufiki.

Nyundo siku hizi tunauza kwa seti, tumezipima kwenye mzani, za kutazamana zina uzito sawa. Kijana wa Usa River akibadilisha ananitumia WhatsApp, nyundo ipi kaiweka wapi na ina gramu ngapi, naingiza kwenye modeli jioni hiyo hiyo kabla sijafunga karakana.