"Ukiugua usiku, unampigia nani?"

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 43. Tangu tuachane na mume wangu, miaka mitatu sasa, nimejifungia. Marafiki walipiga simu, sikupokea. Sikutaka kuwachosha na matatizo yangu. Usingizi sipati, na mwezi uliopita nimeambiwa nina presha. Kilichoniudhi ni daktari kuniuliza: 'Ukiugua usiku, unampigia nani?' Nilikwenda kupimwa, si kuhojiwa maisha yangu. Je, yalimhusu? Na hao niliowatupa, nitawarudia kwa uso gani?"

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Yalimhusu. Swali lile ni la tiba kama lile la chumvi na sigara. Mwaka 1979 watafiti Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu karibu 7,000 wa Alameda, California, kwa miaka tisa. Wasiokuwa na watu wa karibu walikufa wengi zaidi, hata tofauti za sigara, pombe na uzito zilipozingatiwa. Anayejiona hana mtu, mwili wake hukesha kama unaongoja hatari. Homoni za msongo zikikaa juu muda mrefu, moyo na mishipa huchoka, usingizi huwa wa mang'amung'amu. Sisemi upweke ndio uliokupa presha, maana presha ina sababu nyingi. Dawa usiache.

Mwaka 1997 mtafiti mwingine, Sheldon Cohen, na wenzake waliwadondoshea watu 276 wenye afya virusi vya mafua puani. Wenye mahusiano ya aina nyingi, yaani ndugu, majirani, wafanyakazi wenzao, waumini wenzao, hawakushikwa na mafua kwa urahisi kama wenye aina chache. Ndoa yako ilikuwa uzi mmoja. Huo ulikatika, lakini nyuzi nyingine, mwanangu, umezikata mwenyewe.

Najua kwa nini, na hapo ndipo barua yako iliponiuma. Hukutaka kuwachosha. Sasa nikuulize: rafiki yako alipokulilia enzi zile, ulimwona mzigo? Au ulijisikia umeaminiwa? Basi mbona wao umewaamulia kwamba watachoka, bila hata kuwauliza? Miaka mitatu umewanyima nafasi ambayo wewe ungeipokea kwa mikono miwili.

Si lazima uwarudie wote. Anayekusimanga muache alipo. Ugomvi nao huumiza mwili, na imepimwa kwa wanandoa kwamba wanaozozana kwa chuki vidonda vyao huchelewa kupona. Usianze pia na yule uliyemkosea zaidi. Anza na yule ambaye simu yake ilipoita, mkono wako ulitaka kupokea. Usimwandikie waraka wa kuomba radhi. Mwambie tu: "Nilizidiwa nikajificha. Nimekukumbuka. Jumamosi tunaweza kutembea kidogo?" Kutembea kwenyewe kunafaa kwa presha. Asipojibu itauma, nami sitakudanganya. Lia, kisha mwandikie wa pili.

Kukosa usingizi mwambie daktari waziwazi. Na ukianza kuona maisha hayana maana, usingoje siku ya miadi. Nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Ukirudi kliniki utaulizwa tena unampigia nani usiku. Nenda na jina moja.