Bomu linateguliwa au linafyatuliwa?

Swali: Nimesoma sentensi hii: "Mwaka 1953 jeshi la Marekani lilifanya utafiti wa kutegua mabomu ya ardhini kwa bomu la nyuklia." Hilo "kutegua" limenikaa vibaya masikioni. Je, ni sahihi?

Jibu: Sikio lako liko sawa. Kutega na kutegua ni kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua: ile -u- inabatilisha kitendo cha kwanza. Ndiyo maana anayefumbua kitendawili tunasema amekitegua. Kwa bomu lililofukiwa, mteguaji hupiga magoti, huchokoa udongo polepole, huchomoa kilipuzi, na bomu hubaki zima bila kulia.

Sasa tazama kilichofanyika Nevada, Marekani. Katika majaribio ya nyuklia yaliyoitwa Upshot-Knothole, yaliyokuwa na milipuko 11 kati ya Machi na Juni 1953, jeshi lilitaka kujua mlipuko wa nyuklia ungeweza kufungua njia kwenye uwanja wa mabomu kwa upana gani. Bomu la kuzuia kifaru hulipuka kifuniko chake kikikandamizwa na uzito. Mlipuko mkubwa husukuma hewa kwa nguvu, na hewa hiyo ikishuka ardhini hukibonyeza kifuniko kama ambavyo mnyororo wa kifaru ungekibonyeza. Bomu linalia kabla askari hajafika. Hapo hakuna kilichoteguliwa hata kidogo. Mtego umefyatuliwa makusudi, kama mtu anayeuchokoza mtego wa panya kwa fimbo.

Kwa hiyo ningeandika "utafiti wa kufyatua mabomu ya ardhini kwa mshindo wa bomu la nyuklia". "Kulipua" nako si kosa, ila "kulipua mabomu kwa bomu" kunamchanganya msomaji. "Kusafisha eneo" nakukataa kabisa hapa. Bomu la nyuklia likilipuka karibu na ardhi hunyanyua vumbi na kulirudisha likiwa na mionzi, na usafi wa namna hiyo sijui ni wa nani.

Kosa hilohilo nalisikia kwa panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Morogoro, eti wanategua mabomu. Hawategui. Wananusa baruti na kukwaruza udongo. Binadamu ndiye anayemalizia, na mara nyingi hulilipua bomu palepale lilipo. Hata panya Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikuwa mnusaji. "Panya mnusa mabomu" inatosha.