Niliapa kuacha sigara nikaivuta tena, nina kafara ngapi?

SWALI: Asalaam aleykum shekhe. Mimi mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi Kigoma, navuta sigara mwaka wa 12 huu. Niliapa wallahi sivuti tena, nikakaa siku nne nikarudi. Baadae nikaapa tena wallahi, siku mbili tu chali. Mara ya tatu nikaapa kwa mama yangu, nayo nikashindwa. Dawa sitaki, za hosptali wala za mganga, nataka niache mwenyewe. Nina kafara ngapi na nifanyeje? Na hizi pakiti mbili zilizobaki nimpe mwenzangu wa boti?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah. Tuanze na deni ndugu yangu. Kiapo cha kwanza umekivunja, kina kafara, yaani fidia ya kuvunja kiapo. Cha pili uliapa ukiwa umeshavunja cha kwanza kwahiyo nacho kina kafara yake, ungekuwa umerudia rudia wallahi kabla hujavunja hapo ingekuwa moja tu. Cha mama hakina kafara ila utubu, Mtume (s.a.w) kasema anayeapa na aape kwa Allah au anyamaze.

Kafara yenyewe ipo Suratul Maida aya ya 89, kulisha maskini 10 au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa ambapo leo hakuna, na ASIYEPATA ndo afunge siku 3. Watu wengi wanarukia kwenye kufunga kwa sababu ni bure, hapana, wewe unauza dagaa, lisha. Kwetu sisi Mashafii, yaani tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, kila maskini anapewa kibaba cha chakula cha mji, mchele au mahindi, weka robo tatu kilo kwa tahadhari, maskini kumi ni kilo saba na nusu, viapo viwili kilo 15. Na usiape tena! Weka nia na dua inatosha.

Sigara yenyewe hukuti hadithi yake kwa sababu tumbaku imefika kwa Waislamu kama miaka elfu baada ya Hijra, wazee wa fiqhi (elimu ya sheria ya dini) wakagawanyika, wengine makruhu, yaani inachukiza ila si haramu, wengine haramu, leo madhara yake yanajulikana wengi wamesimama kwenye haramu na mimi nipo nao. Nimekulia Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, asubuhi tukichuma majani bado yana umande mtoto anashikwa na kizunguzungu anatapika, na hapo hajavuta, ni sumu imepita kwenye ngozi tu.

Kwa mganga umepatia, usiende. Ila ya hosptali usiifungie mlango, Mtume katuamrisha tujitibu, ukishindwa tena nenda na hakuna aibu wala dhambi.

Sasa bila dawa. Kuacha ghafla hakuui, ni tabu tu, siku tatu za mwanzo ndo kali, hasira, kukosa usingizi, njaa, halafu inapungua wiki hadi wiki. Angalia wewe uliangukia siku ya pili na ya nne, yaani palepale kwenye kilele au umeshakivuka tayari! Na naamini ulikuwa ziwani, saa nane usiku, baridi, taa zinawaka mnasubiri dagaa wapande na kila mtu ana moto mdomoni. Kwahiyo subiri mbalamwezi, boti zikipumzika na wewe uko nyumbani, anza hapo, mpaka giza likirudi umeshavuka pabaya. Kiu ya sigara ikikushika ni dakika chache inapita, shika udhu, tafuna mswaki au karanga. Kahawa ya barazani punguza, kwanza imezoeana na sigara, pili ukiacha sigara kahawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi, utakesha unadhani ni arosto, yaani mwili kudai sigara.

Na Ramadhani unakaa zaidi ya saa 13 bila hata moja na nyavu unavuta, kwahiyo usiniambie mwili wako hauwezi.

Pakiti usimpe mwenzio, utakuwa unamsaidia kwenye jambo unalolikimbia wewe. Loweka kwenye ndoo zilainike kabisa halafu fukia, ziwani usitupe. Mwenzio mwambie tu asikuwashie karibu, na akikuuliza kwa nini mwambie una deni la kilo 15 za mchele.

Wallahu aalam.