Maswali na Majibu: Nimestaafu jeshi, je, nigombee udiwani?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), mkazi wa Gongo la Mboto, na nilimaliza utumishi nikiwa Afisa Mteule Daraja la Pili. Tangu nirudi uraiani, vijana wa mtaani na baadhi ya wazee wenzangu wamekuwa wakinishawishi nigombee udiwani, kwa hoja kwamba kata yetu inahitaji mtu mwenye nidhamu. Mama watoto hataki hata kulisikia jambo hilo. Anasema siasa itakula kiinua mgongo na kunivunjia heshima niliyoitafuta maisha yangu yote. Naomba kujua kama sheria inaniruhusu, na kama uzoefu wa jeshini unamsaidia kweli mtu katika siasa za kuchaguliwa, au ni sifa ya kushangiliwa wakati wa kampeni tu.

Mstaafu, Gongo la Mboto, Dar es Salaam

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Kwa upande wa sheria, unaruhusiwa. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa maadamu yumo katika utumishi, huku ikimwachia haki ya kupiga kura, na katazo hilo linakoma siku utumishi unapokoma. Lakini huwezi kusimama peke yako, kwa kuwa utaratibu wetu unamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, ambayo mwaka 2013 ilimpa ushindi, ila kanuni ya kudhaminiwa na chama imebaki palepale. Kwa hiyo utaanza na kadi ya chama, na mlima wako wa kwanza utakuwa kura za maoni za ndani ya chama, mbele ya wajumbe ambao huenda hawajali hata kidogo ulikuwa na cheo gani.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi, na ili nilijibu inabidi nirudi nyuma kidogo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, yaliyoanzia katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, jeshi la zamani lilivunjwa na JWTZ likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, likiwa karibu sana na TANU. Kwa miaka mingi baada ya hapo mwanajeshi aliweza kuwa mwanachama wa chama tawala bila mtu kushangaa. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, kila aliyekuwa na mguu mmoja kambini na mwingine katika chama alitakiwa kuchagua. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Luteni Kanali, aliacha jeshi akabaki na siasa. Abdulrahman Kinana, ambaye ni kanali mstaafu, alikuwa mbunge na waziri, akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2001, na baadaye Katibu Mkuu wa CCM.

Watu wanaokushawishi bila shaka wanakutajia majina kama hayo. Naomba uyatazame kwa karibu zaidi, hasa la Kikwete, kwa sababu kilichombeba si cheo. Kabla ya kuingia bungeni alikuwa ameshatumika kama mtendaji wa chama Singida, Tabora, Nachingwea na Masasi, mahali ambapo kazi ya kila siku ni kusikiliza malalamiko ya wakulima, kupatanisha makundi na kukaa vikao vinavyoanza kwa kuchelewa na kumalizika usiku. Mwaka 1995 aliomba kuteuliwa kugombea urais, akashindwa na Benjamin Mkapa kwa tofauti ndogo ndani ya chama chake mwenyewe. Alibaki, akahudumu kama Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 10 chini ya yule aliyemshinda, na mwaka 2005 akachaguliwa kuwa Rais kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Kwangu mimi, miaka hiyo 10 inaeleza mengi kuliko nyota za mabegani.

Hali ni hiyohiyo hata kwa wenzetu wa mbali. Tammy Duckworth wa Marekani alikuwa rubani wa helikopta ya kijeshi iliyotunguliwa Iraq mwaka 2004, akapoteza miguu yote miwili. Mwaka 2006 aligombea ubunge na akashindwa, pamoja na heshima yote aliyokuwa nayo. Alirudi kufanya kazi ya kuwahudumia maveterani, akashinda ubunge mwaka 2012 na useneta mwaka 2016. Wapiga kura walimheshimu tangu mwanzo. Kumpa kura lilikuwa jambo lingine.

Sasa tuje kwenye kata yako. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, lakini Mtendaji wa Kata, ambaye ndiye katibu wa kamati hiyo, hakuajiriwa na diwani wala hawezi kufukuzwa naye. Mwenyekiti wa mtaa naye amechaguliwa na watu wake na hawajibiki kwako. Nimehudhuria mkutano mmoja wa mtaa hapa jijini ambapo mstaafu wa jeshi, mtu mwadilifu kabisa, alisimama kuzungumzia mfereji ulioziba. Mkutano ulitangazwa kuanza saa 3 asubuhi na watu walitimia saa 5 kasoro. Alianza kwa kuwakaripia waliochelewa, kisha akapanga zamu za kuzibua mfereji nyumba kwa nyumba, bila kumuuliza mtu. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri kuliko wote uliotolewa siku ile. Mama mmoja muuza vitumbua akauliza kwa upole, "Afande, na sisi tunaoamka saa 9 usiku umetuweka wapi?" Hakuwa na jibu, na zamu zile hazikuanza kamwe. Kambini, amri ikishatoka utekelezaji unafuata. Katika kata, utekelezaji unaanza na muuza vitumbua kukubali. Ukijiona unaweza kuvumilia hilo kwa miaka 5 bila kinyongo, nidhamu yako itakuwa hazina, kwa sababu madiwani wanaosoma makabrasha ya kikao kabla ya kuingia ukumbini ni adimu, na mtu aliyezoea kutunza kumbukumbu na vifaa vya kikosi atayaona mapungufu katika hesabu za miradi mapema kuliko wengine.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wako huenda hawakukutajia. Gongo la Mboto si mahali popote tu pa kumsimamisha mwanajeshi. Mabomu yaliyolipuka katika ghala la silaha mwezi Februari 2011, kama yale ya Mbagala ya Aprili 2009, yaliua watu na kubomoa nyumba, na wapo majirani zako waliokimbia usiku ule wakiwa na watoto mgongoni. Utaulizwa habari hizo kwenye kampeni, hata kama hukuhusika nazo kwa namna yoyote. Usijibu kama msemaji wa jeshi. Sikiliza kwanza, kwa sababu utakuwa unaomba kuwa mwakilishi wao.

Kuhusu kiinua mgongo, mama watoto ana haki ya kuogopa. Takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura wakati wa kampeni, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inaweka mipaka ya matumizi, lakini wewe na mimi tunajua kwamba wapo watakaokuja jioni kuomba nauli, soda na "chochote". Ukianza kutoa, hutajua pa kuishia, na TAKUKURU nao wana macho. Kaeni wawili, mkubaliane kiasi ambacho hakitagusa ada za watoto wala paa la nyumba, kikiisha kampeni iendelee kwa miguu. Kama hamwezi kukubaliana, ushauri wangu ni kwamba usichukue fomu safari hii; anza na kamati ya shule au ya maji, ambako watu watakuona ukifanya kazi.

Mwisho, sare iache kabatini. Kutajwa kama mwanajeshi mstaafu ni halali yako, lakini mavazi ya jeshi si ya raia, na mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa wote wenye mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha.

SWALI

Mwanangu ni askari wa JWTZ na bado yuko kazini. Kuna watu wa chama wamemfuata achukue fomu kimyakimya, wakimwambia ataacha jeshi akishapitishwa. Je, ni sawa?

Mama, Kigamboni

JIBU

Hapana, mama yangu. Kuchukua fomu ya chama ni lazima uwe mwanachama, na uanachama ndio hasa Katiba inaomkataza akiwa kazini. Hao wanaomwambia afanye kimyakimya hawatasimama naye mbele ya mkuu wake wa kikosi. Kama kweli anataka siasa, aombe kwanza kuacha utumishi kwa utaratibu wa jeshi, asubiri barua yake mkononi, ndipo aende ofisi ya chama kuomba kadi.