Maswali yenu: "Queen" ya 1973 au "Queen I" ya 2024?

Tangu nigusie hapa kwamba albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Queen imetolewa tena ikiwa imechanganywa upya, maswali hayajakoma. Nimechagua machache yanayobeba na mengine. Kwa asiyeifahamu, albamu hiyo ilitoka Uingereza Julai 1973 ikiitwa "Queen" tu, ikarudi Oktoba 2024 kwa jina la "Queen I". Mwimbaji wake ni Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa hiyo sikushangaa kuona nusu ya maswali yametoka pwani.

Habari za kazi, kaka. Nieleweshe: rimasta na rimiksi zinatofautianaje? Wauzaji wanayataja yote mawili kana kwamba ni kitu kimoja. (Msomaji, Tanga)

Nzuri, ndugu yangu. Si kitu kimoja hata kidogo, na ukishalishika hili mengine yote yanakuwa mepesi.

Bendi ikiingia studio, kila chombo hurekodiwa kwenye njia yake. Queen walitumia tepu ya njia 16: dramu zina njia zao, besi yake, gitaa zake, sauti za kuimba zake. Halafu fundi anakaa mezani na kuchanganya. Anaamua gitaa lisikike kiasi gani, liwe kushoto au kulia, sauti ya mwimbaji ipewe mwangwi au iachwe kavu. Kikitoka hapo ni kitu cha njia mbili tu, kushoto na kulia. Hiyo ndiyo masta, na ndiyo inayozaa santuri, kaseti na CD.

Anayefanya rimasta huanzia kwenye masta hiyo. Anasafisha mikwaruzo, anapandisha au kushusha besi ya wimbo mzima, anarekebisha ukubwa wa sauti. Mchuzi ukishaiva unaweza kuukamulia ndimu au kuuongeza chumvi, lakini tangawizi iliyozidi huitoi. Anayefanya rimiksi yeye anarudi jikoni, viungo vikiwa bado kwenye vibakuli vyao, anapika upya. Viungo ni vilevile, mchuzi ni mwingine.

Shikamoo. Ninayo CD ya 2011 iliyoandikwa "remastered". Nimesikiliza na hii ya 2024 kwa rafiki yangu. Yeye anasema ni mbingu na ardhi, mimi naona imeongezwa kelele tu. Nisikilize wapi ili nisikie tofauti ya kweli? (Mwanafunzi, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, shika kitufe cha sauti. Toleo lenye sauti kubwa zaidi, hata kidogo tu, sikio hulipenda bila kujua kwa nini. Cheza moja, kisha jingine, punguza lile lenye nguvu mpaka sauti ya Freddie iwe sawa katika yote mawili. Ukiruka hatua hii unalinganisha ukubwa wa sauti, hulinganishi muziki.

Sasa weka "Keep Yourself Alive", wimbo wa kwanza, usogee hadi katikati pale vyombo vingine vinaponyamaza na Roger Taylor anabaki na dramu zake. Katika CD yako ya 2011, iliyofanyiwa rimasta na Bob Ludwig, dramu hizo ni kavu. Fimbo inagonga ngozi, sauti inafia palepale, kama mtu anayepiga mlango akiwa ndani ya kabati la nguo. Katika toleo la 2024 kila pigo lina mkia: unasikia pigo lenyewe, kisha unasikia chumba. Ngoma kubwa ya mguuni ina kifua. Rudia mara tatu. Ukishaisikia hapo utaanza kuisikia kila mahali, hata kwenye "Great King Rat" ambako dramu zinakimbizana na gitaa mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini Ludwig, fundi mkubwa kama yule, hakuliondoa tatizo hilo mwaka 2011? Kwa sababu hakuwa na uwezo huo. Ukavu ulikuwa umeshaingia ndani ya mchanganyo wa kwanza, na yeye alikabidhiwa masta. Angeongeza mwangwi kwenye dramu, na Freddie naye angeogelea humo humo.

Na ukavu wenyewe ulitoka wapi? Queen hawakuwa na hela. Studio ya Trident, London, iliwapa nafasi ya kurekodi saa ambazo hakuna mteja wa kulipa, mara nyingi usiku wa manane. Dramu zilirekodiwa kwenye kijichumba kilichozibwa mwangwi, kwa sababu ndivyo Trident walivyopenda sauti yao wakati ule. Bendi ilitaka kinyume chake, dramu zinazosikika kama ziko ukumbini. Mvutano ulifika mahali ambapo wimbo mzima, "Mad the Swine", uliachwa nje ya albamu kwa kuwa bendi na mtayarishaji Roy Thomas Baker hawakukubaliana jinsi ulivyosikika. Ulikaa kabatini hadi 1991. Kwenye "Queen I" umerudishwa kwenye nafasi yake, wa nne, na mimi kila nikifika hapo nafurahi kama niliyeona jino lililong'oka limerudi mahali pake.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Unguja, na hili linaniuma. Freddie alifariki 1991. Nani aliwapa ruhusa ya kuigusa kazi yake? Marehemu hawezi kusema hapana. (Msomaji, Muscat)

Swali lako nimelibeba wiki nzima, na nakujibu kwa heshima.

Kwanza, sauti yake haikubadilishwa na ya mtu mwingine, wala hakuna aliyeingia studio kupiga upya. Bendi imesema wazi kwamba uimbaji na upigaji wote ni ule ule wa zamani. Mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor, waliokuwa naye chumbani usiku ule, ndio waliosimamia, pamoja na mafundi wao wa miaka mingi. Na malalamiko kuhusu sauti ya albamu hii hayakuzuliwa baada ya msiba. Waliyasema tangu ujana wao. Kwa hiyo sioni kaburi lililofukuliwa hapa. Naona watu wazima wanaomalizia kazi waliyonyimwa nafasi ya kuimaliza wakiwa vijana.

Lakini sehemu ya uchungu wako naukubali. Mchanganyo wa 1973 ndio uliosikika duniani. Ndio uliowafanya watu wauze baiskeli wakanunue gitaa. Ndio Freddie mwenyewe aliousikia santuri ilipowekwa mezani, na hata kama aliulalamikia, aliuacha utoke. Sasa fungua lile boksi kubwa la "Queen I": CD sita na santuri moja. Mna mchanganyo mpya, mna majaribio waliyorekodi studio ya De Lane Lea, mna vipande vya studio, mna nyimbo bila uimbaji, mna rekodi za BBC, mna za jukwaani. Mchanganyo wa 1973 hamna. Katika diski saba hawakuupatia nafasi hata moja! Hapo mimi nasimama na wewe. Anayekarabati nyumba ya Mji Mkongwe na apige picha ya ukuta wa zamani kabla hajapaka chokaa, na picha hiyo aitundike sebuleni mgeni aione.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: rimiksi ni halali, na ni nzuri mno. Kosa ni kuifanya ichukue kiti cha ile ya kwanza badala ya kukaa kando yake.

Nikinunua au nikisikiliza kwenye simu, nitajuaje ni lipi? (Msomaji, Nakuru)

Kwa albamu hii ni rahisi. Ukiona "Queen I" au neno "2024 Mix", ni mchanganyo mpya. Ukiona "Queen" pamoja na "2011 Remaster", ni mchanganyo wa zamani uliosafishwa. Kama hakuna jalada, hesabu nyimbo: za zamani ni kumi, mpya ni kumi na moja kwa sababu ya "Mad the Swine". CD chache za 1991 za Marekani ziliongezewa nyimbo mwishoni, hizo zisikuchanganye.

Si kila bendi iko wazi hivyo. Albamu za Beatles "Help!" na "Rubber Soul" zilipotolewa kwenye CD mwaka 1987, mtayarishaji wao George Martin alizichanganya upya, na wanunuzi wengi walizipeleka nyumbani wakiamini ni zile zile za 1965. Basi jalada lisome hadi maandishi madogo ya nyuma.

Je, rimiksi huwa bora siku zote? Nimeshawishika kutafuta rimiksi za kila kitu. (Msomaji, Arusha)

Usifanye hivyo. Tafuta "Raw Power" ya Iggy and the Stooges. Ya 1973 karibu yote ilichanganywa na David Bowie, na imenywea: besi na dramu zimejificha kama zimedaiwa kodi. Mwaka 1997 Iggy Pop mwenyewe akaichanganya upya na kuipandisha sauti mpaka inapasuka mwanzo hadi mwisho. Mwenye kazi ndiye aliyefanya, tena kwa mapenzi, na bado wapo wengi, nami nimo, wanaochoka masikio kabla haijafika nusu.

Upande wa pili kuna "Sgt. Pepper" ya Beatles. Mwaka 1967 bendi ilikaa studio kusimamia mchanganyo wa mono, maana watu wengi Uingereza walikuwa na redio na gramafoni za spika moja. Mchanganyo wa stirio, ule wa kushoto na kulia, ulifanywa haraka bila wao. "She's Leaving Home" kwenye stirio ni wa polepole na wa chini kuliko kwenye mono, na ule wa polepole ndio dunia nzima iliozoea. Giles Martin, mwana wa mtayarishaji George Martin, alipouchanganya upya mwaka 2017 aliufuata mono uwe dira yake, na wimbo huo ukarudi kwenye mwendo wake. Pia alikuwa na bahati. Mashine za 1967 zilikuwa na njia nne tu. Zikijaa, zote zinamiminwa kwenye tepu nyingine ili kupata nafasi, na kila ukimimina ubora unapungua. Tepu za mwanzo kabla ya kumimina zilikuwa zimehifadhiwa, akaanzia hapo. Sikiliza dramu za Ringo kwenye "A Day in the Life" za 2017 usiku taa zikiwa zimezimwa. Sitakuambia zaidi.

Natumia kispika kidogo cha bluetooth. Kuna maana ya kuhangaika? (Msomaji, Bujumbura)

Kidogo sana. Vispika vingi vya aina hiyo huchanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na besi ya kweli haina pa kutokea. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zitakuonyesha zaidi. Huna hedifoni? Basi chagua wimbo unaoupenda, usijali toleo.

Mwandishi, heshima yako. Haya ya Wazungu tumeyasikia. Nyimbo zetu za RTD, NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, nazo zinaweza kufanyiwa rimiksi? Baba yangu alizicheza ujanani na hata leo akizisikia anainuka kitini. (Msomaji, Morogoro)

Mpe mzee salamu zangu.

Nyimbo nyingi za Redio Tanzania Dar es Salaam zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja, gitaa, tarumbeta, dramu na waimbaji wote wakiingia kwenye tepu mara moja. Hakuna njia 16 za kurudia. Mchuzi ulipikwa mara moja na vibakuli havikuwahi kuwepo. Kwa miaka yote hiyo jibu lingekuwa: rimasta ndiyo, rimiksi haiwezekani.

Miaka ya karibuni hali imebadilika. Mwaka 2022 Beatles walitoa upya "Revolver" ya 1966, na kwenye wimbo "Taxman" gitaa, besi na dramu vilikuwa vimerekodiwa kwenye njia moja. Mafundi wa mwongoza filamu Peter Jackson, kule New Zealand, walifundisha kompyuta kutambua gitaa linasikikaje na dramu zinasikikaje, ikavitenganisha kila kimoja peke yake, na ndipo Giles Martin akavichanganya. Programu za namna hiyo, zenye uwezo mdogo zaidi, sasa zinapatikana hata kwenye kompyuta ya kijana yeyote wa Morogoro. Nimezijaribu kwenye rekodi ya dansi niliyoihamisha kutoka kwenye kaseti. Besi ilitoka safi kuliko nilivyotarajia. Tarumbeta zilitoka na mabaki ya mwimbaji yakinong'ona ndani yake, na gitaa mbili zilizokuwa zikijibizana zilikataa kabisa kuachana. Kompyuta ilizihesabu kuwa gitaa moja.

Kwa hiyo inawezekana, lakini ningeomba ifanywe kwa utaratibu. Tepu ya redio ihamishwe kwanza kama ilivyo, kwa mashine nzima, vichwa vyake vikiwa vimesafishwa na mwendo wake umepimwa. Isipunguzwe mkwaruzo wala isiongezwe besi. Faili hilo liwekwe sehemu zaidi ya moja na lisiguswe tena. Nakala yake ndiyo ifanyiwe rimasta, kazi ambayo peke yake ingetosha kumwinua mzee wako kitini. Baada ya hapo, anayetaka kutenganisha vyombo na atenganishe, mradi kwenye jalada aandike mwaka, jina lake na neno rimiksi, kwa herufi ambazo mzee ataziona bila miwani.