Maswali ya Wasomaji: Msitu Mweusi Juu ya Plaiwudi

SWALI: Kwa Mhariri. Marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi Ujerumani kwa miaka mingi, ameniachia sanduku la treni ndogo za kipimo cha N: injini nyekundu ya V 200, mabehewa matano marefu, reli na transfoma yake. Nimenunua plaiwudi ya futi nane kwa nne na fundi akaipasua kwa urefu, nikabaki na ubao wa sentimita 244 kwa 61, kwa maana sebule yetu haina nafasi zaidi. Ninataka kujenga stesheni ya Triberg katika Msitu Mweusi, eneo la milima kusini magharibi mwa Ujerumani, ambayo mjomba alikuwa na picha yake ukutani, pamoja na mji na maporomoko yake ya maji. Nianzie wapi?
Mpwa, Umoja

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mjomba, ndugu yangu. Urithi huo ni mzuri, na injini iliyomo ndiyo itakayoamua mambo mengi. Kwa hiyo tuanze nayo, kisha tuje kwenye stesheni, ambayo nitakushauri uiache.

Tazama namba iliyoandikwa ubavuni mwa injini. V 200 ni injini ya dizeli iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1953, na shirika la reli la Ujerumani Magharibi lilibadilisha namba za injini zake zote mwaka 1968, ambapo V 200 za mwanzo zikawa 220. Ikiwa yako bado inasomeka V 200, mandhari yako ni ya kabla ya 1968 na haiwezi kuwa ya baadaye. Hilo ni jambo la kushukuru. Injini za aina hiyo zilikuwa na karakana yao katika mji wa Villingen na zilivuta treni kwenye njia hiyo hiyo ya Msitu Mweusi, na wakati huo njia haikuwa na nyaya za umeme juu yake; umeme ulifika sehemu ya milimani mwaka 1975. Umeepushwa na kazi ya kusimamisha milingoti midogo na kutandaza nyaya zisizozidi unene wa unywele, kazi ambayo imewakatisha tamaa wajenzi hodari kuliko mimi na wewe.

Sasa tupige hesabu. Kipimo cha N ni 1:160, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 160. Behewa refu la Kijerumani la mita 26.4 linakuwa sentimita 16.5, na V 200 yenye urefu wa mita 18.47 inakuwa sentimita 11.5. Treni ya kasi ya miaka hiyo ikiwa na mabehewa kumi ingekuwa na urefu wa mita 282 hivi, ambazo kwenye ubao wako ni sentimita 176, na jukwaa la abiria lazima liizidi treni. Kabla hujaweka hata njia panda moja ya reli, stesheni imekwisha kumeza ubao. Wapo wanaoikata stesheni hadi ibaki robo, lakini matokeo yake huwa jengo kubwa lililoketi kando ya kijukwaa cha mabehewa mawili, na macho hayadanganyiki. Mji nao uko juu zaidi bondeni, mbali na stesheni, kwa hiyo kuuweka pamoja na maporomoko kwenye ubao huo ni kuichora Triberg ambayo haipo.

Ninachokupendekezea ni kipande cha njia ya wazi, milimani, kati ya mahandaki mawili. Njia hiyo, Schwarzwaldbahn, inatoka Offenburg hadi Singen, kilomita 149, nayo ilikamilika mwaka 1873 chini ya mhandisi Robert Gerwig. Tatizo lake lilikuwa kupanda mlima mkali bila kuzidi mwinamo wa mita 20 kwa kila mita 1000, na jibu lake lilikuwa kuirefusha njia makusudi kwa kuizungusha kwenye kuta za mabonde, ikiingia na kutoka ardhini. Ndiyo sababu ina mahandaki 39. Kwa mjenzi wa mezani hiyo ni zawadi, kwa sababu swali gumu kuliko yote katika ubao mdogo ni treni itokee wapi na iishie wapi, na hapa mlima wenyewe unajibu: inatoka handakini na kuingia handakini, kama ilivyo kweli.

Tenga sentimita 180 za mbele kwa mandhari; ni sawa na mita 288 za mahali halisi, urefu ambao injini yako na mabehewa matatu, jumla ya sentimita 61 hivi, yataonekana yakisafiri wala si kujazana. Kona halisi za milima ile hufikia nusu kipenyo cha mita 300, ambacho kwetu ni sentimita 187. Huwezi kuzungusha treni kwa kona hiyo kwenye ubao wa sentimita 61, lakini unaweza kuipinda njia ya mbele kwa upole kiasi hicho, kisha ukaficha kona kali za nusu kipenyo cha sentimita 23 ndani ya mlima kwenye ncha mbili za ubao. Mwinamo nao usiuogope. Mita 20 kwa 1000 ni sentimita mbili kwa kila mita, kwa hiyo njia itapanda sentimita 3.6 kwa mbele na kushuka kiasi hicho hicho nyuma, isikoonekana. Acha mlango wa kufikia huko nyuma kwa mkono, maana treni huacha reli mahali pale pale usipopafikia.

Mlima ujenge kwa povu jeupe linalofungiwa televisheni, ulifunike kwa vitambaa vilivyochovywa kwenye jipsamu ya mafundi wa dari. Miamba ya Triberg ni graniti, kwa hiyo ipake kijivu chenye wekundu hafifu. Tafadhali usitumie udongo wetu mwekundu, hata ukiwa bure nje ya mlango. Msimamizi yeyote wa treni atakuambia umejenga Voi. Kokoto za reli ni mchanga wa mto uliochekechwa kwa kitambaa chepesi, kwa kuwa jiwe la sentimita tano linakuwa theluthi moja ya milimita. Pitisha sumaku juu ya mchanga huo kwanza, kwa sababu chembe za chuma huvutwa na mota ya injini na kuiua. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na matone ya sabuni ya vyombo, ikidondoshwa kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, itaushika vizuri.

Miti ndiyo itakayokula muda wako. Msitu ule ni wa misonobari iliyosongamana, na mti wa mita 30 ungekuwa na kimo cha sentimita 19, ambacho kingeimeza treni. Weka ya sentimita 12 mbele na uipunguze hadi tano nyuma, ili bonde lionekane kuwa na kina. Nunua katani ya wasusi wa vyondo Kariokor, ikate, ibane kati ya nyaya mbili nyembamba, zisokote, kisha uipake kijani kilichokolea sana, karibu na cheusi. Utahitaji mingi kuliko unavyodhani.

Transfoma ya Ujerumani imeundwa kwa volti 220 au 230, kutegemea umri wake, na mizunguko 50 kwa sekunde, karibu na umeme wetu wa 240. Hata hivyo, kwa kuwa ni ya zamani, mpe fundi aikague waya kabla hujaichomeka. Kibadilishi cha plagi utakipata Luthuli Avenue.

SWALI: Nina injini ya mvuke na treni mpya ya mwendo kasi ya ICE, zote za Kijerumani. Mwanangu anataka zipite pamoja. Je, ni kosa?
Mwalimu, Kasarani

JIBU: Mwalimu, kwa mtoto si kosa hata kidogo. Kwa mandhari inayodai kuwa ya kweli, ni kosa: shirika la Ujerumani Magharibi liliacha injini za mvuke mwaka 1977, na ICE ilianza kubeba abiria mwaka 1991. Mpe mwanao siku yake, yako iwe siku nyingine.

SWALI: Nimejenga reli mbili sambamba na ishara za mikono, yaani milingoti yenye mkono unaolala na kuinuka. Treni zipite upande gani, na ishara zikae wapi? Nimezoea barabara zetu.
Msomaji, Buruburu

JIBU: Kulia, dada. Ujerumani treni hupita reli ya kulia, ishara husimama kulia kwa njia yake, na hata magari kwenye barabara uliyoichora yapite kulia. Mkono ukilala mlalo, treni isimame. Ukiinuka kwa mshazari, ipite. Sahani ya manjano yenye duara jeusi, ikiwa unayo, ni ishara ya kumtahadharisha dereva mapema, na kwenye njia kuu husimama mita 1000 kabla ya ishara yenyewe, yaani mita sita na robo kwa kipimo cha N. Hata umbali wa mita 400 unaotumika kwenye njia za mwendo mdogo ungekuwa mita mbili na nusu mezani. Iondoe hiyo sahani, ibaki ishara moja tu ya mkono kwa kila upande.

Ukitaka kuuona upana halisi wa reli ya Kijerumani, nenda Syokimau: SGR ina milimita 1435, sawa na yao, na ukizigawa kwa 160 unapata milimita tisa za reli yako. Mataruma tu usiyaige, kwani ya SGR ni ya zege, na kwenye mandhari ya miaka ya 1960 yanayopendeza ni ya mbao, yaliyopakwa hudhurungi iliyofifia.